Mama mkwe yuko mbele yangu kwenye mbio za Jumamosi, na mimi niko kwa kaptura

Wakuu, habari za jioni.

Mimi hapa ni msomaji tu, nacomment mara moja moja. Lakini leo kuna mtu kwa uzi wa jirani ameandika ati mbio za mtaa ni kupoteza muda, hakuna medali, hakuna TV. Nimekasirika. Nimeweka chai chini, naandika.

Hii kitu ilinipata mimi mwenyewe, Kisumu, mwanzo wa miaka ya tisini. Siongezi chumvi. Mke wangu amekaa hapa kando anasoma kila mstari, na nikidanganya atanipokonya simu.

Wakati huo nilikuwa karani wa bohari ya vyuma hapo mjini. Kazi ya kukaa. Soda asubuhi, soda jioni, chapati katikati. Siku moja daktari akanipima pressure, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Bwana, anza kukimbia wewe mwenyewe kabla watu hawajaanza kukubeba."

Ndiyo nikaingia mbio za Jumamosi.

Msifikirie kitu kikubwa. Hakukuwa na T-shirt, hakukuwa na namba kifuani, hakukuwa na hizi saa zenu za kuhesabu mapigo ya moyo. Tulikuwa watu wa kawaida tu. Walimu, makarani, akina mama wa soko, fundi cherehani mmoja. Tunakutana karibu na stesheni ya reli asubuhi, tunapitia Milimani, tunateremka mpaka ufuo wa Dunga. Kule kuna mtumbwi umevutwa nchi kavu. Ukiugusa, umemaliza.

Mwenye mbio alikuwa Mzee Rajabu, mstaafu wa reli, Mwislamu wa Kaloleni. Alikuwa na filimbi yake ya kazini na baiskeli kubwa nyeusi. Na alikuwa na sheria moja: wa polepole anaanza kwanza.

Yaani akina mama wa kutembea wanatoka mapema. Halafu wazee. Halafu sisi wa vitambi. Wale wa mbio zenyewe wanatoka mwisho kabisa, wanapiga miayo. Mzee Rajabu anakuangalia tu vile umesimama, anaamua uachiwe kiasi gani. Akikadiria vizuri, mnafika Dunga karibu pamoja na mtu yeyote anaweza kushinda. Ukishinda leo, Jumamosi ijayo anakurudisha nyuma.

Zawadi ilikuwa samaki. Ngege mmoja, mkubwa kuliko wote waliotoka ziwani asubuhi hiyo. Mshindi anampeleka nyumbani akiwa amemning'iniza mkononi, mji mzima unaona. Yawa! Hakuna medali ingenifurahisha hivyo.

Sasa mjue kwa nini nilimtaka huyo samaki kama nini.

Mama mkwe wangu alikuwa mnunuzi wa samaki kule Usenge. Mama mwenye nguvu, karai limejaa kichwani na bado anakupita njiani. Siku nimeenda na wazee wetu kuomba binti, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema mbele ya wote, "Kijana ana adabu, lakini ni laini kama ugali haujaiva." Wazee walicheka. Hata wa kwetu!

Tulioana, tukazaa, na bado nikienda Usenge nilikuwa naona kwa macho yake kwamba ugali bado uko kwa moto.

Halafu akaanguka. Aliteleza kwa mawe pale ufuoni na mzigo kichwani, mguu ukavunjika juu karibu na nyonga. Akaletwa hospitali Kisumu, na alipotoka akakaa kwa dada yake Nyalenda. Kwetu asingeweza kulala, nitawaeleza kwa nini huko mbele. Mfupa ulishika, lakini moyo ndio ulikataa. Mwaka ukaisha, yeye anatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Biashara ameacha. Mke wangu alikuwa anaenda kumwona jioni na anarudi macho mekundu. "Mama anasema yeye amekwisha."

Nikajiambia, nitashinda huyo ngege, mke wangu ampelekee, aseme, "Baba Achieng ameshinda huyu kwa miguu yake." Mama atakula, na atajua mimi ni mtu wa aina gani. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu yote hapa duniani.

Lakini kulikuwa na Ouma.

Ouma ni mwalimu, mtu wa ukoo wetu kabisa, miguu kama ya korongo. Kila Jumamosi ninakaribia kushinda, naona mtumbwi, nasikia harufu ya omena, wale dagaa wetu, halafu nasikia pah-pah-pah nyuma yangu. Ouma. Ananipita akisema, "Pole, ndugu." Hiyo "pole" yake ilikuwa inaniuma kuliko kushindwa.

Basi Jumamosi hiyo nilichelewa. Baiskeli ilikatika cheni, nikafika wakati Mzee Rajabu tayari ameshika filimbi ya kundi langu. Akina mama walikuwa wameenda zamani. Hata warm-up sikufanya. Nilikuwa na kaptura yangu ya nailoni, zile za wakati huo. Vijana hamzijui. Ilikuwa fupi, na pembeni imepasuliwa mpaka mahali watu wa kanisa hawataji.

Filimbi ikalia, nikaondoka.

Wakuu, kuna siku mwili unakubali. Milimani nimepita wazee wote. Kwenye mteremko nimepita akina mama, mmoja mmoja, wananishangilia, "Kimbia, Baba Achieng!" Nikageuka, Ouma yuko mbali kule. Mbele yangu barabara imebaki na mtu mmoja tu. Mama fulani, gauni la maua, kitambaa kichwani, raba nyeupe, anatembea haraka na anachechemea kidogo.

Nikasema, huyu namla sasa hivi.

Nikakaribia, nikakaribia. Nimebakisha kidogo nimfikie, akageuka kuangalia nani anahema hivyo.

Mama mkwe.

Wakuu, nilikanyaga breki mpaka kokoto zikaruka.

Kwa wale si wa kwetu, nielezee. Kwetu Wajaluo, mama mkwe unamheshimu kwa umbali. Hamli meza moja. Halali nyumba yako. Ukikutana naye njiani unampisha. Na mapaja yako, ndugu zangu, hayaoni mpaka siku ya mwisho. Sasa mimi nimpite na ile kaptura? Akae nyuma yangu anaangalia? Hadithi ingefika Usenge kabla yangu.

Na yeye pia aliona aibu. Alikuwa ameinua gauni mpaka magotini ili atembee vizuri, na mkwe ndiye huyu hapa. Akamwita Mungu kwa ukelele, "Yawa, Nyasaye!" Akaanza kukimbia.

Kukimbia! Yule mama anayesema amekwisha! Mkono mmoja umeshika gauni, mwingine umeshika kitambaa, mguu mbaya unatupwa pembeni lakini unaenda.

Nilisimama hapo nusu nalia nusu nacheka. Halafu nikasikia pah-pah-pah.

"Omera, ndugu yangu, toka njia!" Ouma.

"Ouma, usipite! Ni mama mkwe!"

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu!"

Naye pia akakanyaga breki. Kwa sababu Ouma ni ukoo wangu, na mama mkwe wa ndugu yako ni mama mkwe wako. Na kaptura yake ilikuwa mbaya kuliko yangu.

"Sasa tunafanya nini?" akaniuliza, na macho yametoka kweli kweli.

Nikamwambia, "Tunabaki nyuma. Na ukijaribu kumpita ukipitia kichakani, nitawaambia wazee wote wa nyumbani."

Alinitukana kidogo lakini akakubali. Basi tukawa tunakimbia nyuma yake, mbali kidogo, nyuso zimeangalia ziwa kama watalii. Sisi tukikaribia, yeye anaongeza. Tukipunguza, yeye hapunguzi. Nikaanza kuona kitu: mguu ulikuwa unanyooka. Nilisahau samaki, nawaambia ukweli. Nilikuwa naomba tu asianguke. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa ajili ya yule mama kuliko kwa ajili ya mbio.

Sasa fikirieni upande wa Dunga. Akina mama wameanika omena, wanainua macho, wanaona mama mtu mzima anakimbia kwa nguvu zake zote, nyuma yake wanaume wawili nusu uchi.

Wakapiga nduru!

Mmoja alichukua kasia. Wavuvi wakaanza kutoka kwa mitumbwi. Ouma akainua mikono juu, "Ni mbio! Ni mbio za Mzee Rajabu!" Mimi nilikuwa navuta kaptura chini. Bahati nzuri Mzee mwenyewe alikuwa ameshafika na baiskeli, akapiga filimbi mpaka mashavu yakavimba, na nduru ikageuka vigelegele palepale.

Mama akaugusa mtumbwi. Si kugusa, aliupiga kofi kwa mikono miwili. Halafu akaangalia mguu wake. Akaangalia barabara yote aliyotoka. Akaanza kulia na kucheka pamoja, na akina mama wakamzunguka, wanamrusha juu, wanaimba.

Sisi mashujaa tulikuwa tumejificha nyuma ya kibanda cha kupimia samaki, tumejifunga leso za kuazima kiunoni. Kutoka huko nikasikia Mzee Rajabu anamlalamikia.

"Mama, nilikuona unachechemea, nikakuachia njia nusu nzima. Kumbe ulikuwa unanidanganya?"

"Sikukudanganya, mzee," akasema, bado anahema. "Hata mguu wenyewe haukuwa na habari."

Kumbe majirani wa Nyalenda ndio walimtoa kitandani kwa nguvu wiki hiyo, ati aje tu anyooshe miguu. Alikuwa amemkataza mke wangu asiniambie, hakutaka nimwone akichechemea. Na mke wangu alinyamaza kabisa! Hata sasa anacheka hapa kando.

Ngege akaenda Nyalenda akiwa mkononi mwa mwenyewe. Mji mzima ukaona.

Nikajua nimekwisha. Siku tatu nilikuwa nangoja kesi. Jioni moja mke wangu akarudi kutoka kwa mama yake, akakaa, akavua viatu polepole, mwanamke anajua kutesa.

"Mama amesema nikuambie kitu."

"Sema tu."

"Amesema Jumamosi uvae suruali ndefu. Na huyo ndugu yako pia. Anataka kushinda watu wanaokimbia, si watu wanaoona haya."

Wakuu, Jumamosi hiyo nilivaa suruali ya kitambaa, ile ya kanisani. Ouma alikuja na suruali ya darasani, chaki iko mfukoni. Na Mzee Rajabu hakuwa na mchezo. Alimrudisha mama nyuma kabisa, karibu na kundi letu, na mama hakulalamika hata kidogo. Alikuwa amefunga kitambaa vizuri na amevaa rinda refu.

Joto la Kisumu na suruali ya sufu, jamani. Jasho lilikuwa linaingia kwa viatu. Milimani nilikuwa nataka kufa. Lakini Ouma pia alikuwa anakufa nyuma yangu, namsikia, na hiyo ilinisaidia sana.

Mteremko wa Dunga, mbele yangu amebaki mtu mmoja. Yeye. Hakuwa anachechemea tena, alikuwa anakimbia polepole ile ya mtu amezoea mzigo.

Nilihamia upande mwingine kabisa wa barabara. Nikageuza uso kwa ziwa. Nikafika sambamba naye, nikasema, "Mama, samahani. Naomba kupita."

Hakunitazama. Alikuwa ameangalia mbele, na nikaona anatabasamu.

"Pita, baba," akasema. "Pita haraka, huyo mwingine anakuja."

Baba. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita hivyo.

Sijui miguu ilitoka wapi. Nilipita kama mtu amefukuzwa na nyuki. Ouma hata "pole" yake hakupata nafasi ya kusema. Nilipiga ule mtumbwi kofi mpaka mkono ukafa ganzi, nikageuka, na mtu aliyekuwa anapiga vigelegele kwa nguvu kuliko wote huko barabarani, bado anakimbia, alikuwa mama mkwe wangu.

Ngege nilimpelekea mke, mke akampelekea mama. Mwezi haukuisha mama akarudi Usenge kwa karai zake, akafanya biashara miaka mingi. Na alipokuwa anakuja Kisumu, alipanga safari iwe Ijumaa, ili Jumamosi akimbie.

Funzo langu, kwa yule ndugu wa uzi wa jirani: hizo mbio ndogo mnazodharau, kuna mtu anakuja pale akijua amekwisha, na anarudi nyumbani na samaki. Na kuna mwingine anatafuta jina kwa wakwe miaka na miaka, analipata kwa barabara ya Dunga. Usiwaambie watu wakae nyumbani.

Sasa semeni. Mliokuwa Kisumu miaka hiyo, kuna mtu anakumbuka filimbi ya Mzee Rajabu? Na nyinyi wengine mnaojiona wajanja, jibuni bila kuogopa: ungekuwa wewe, na kaptura ile, na Ouma anakuja nyuma, ungempita mama?