Chaki Ndani ya Mshono

Wahu wa Riruta hakununua hata kitunguu kwa bei ya kwanza. Miaka kumi na tisa alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la mwenzake, mvua ikija anavuta cherehani ndani. Kisha Sharif, muuza vitambaa wa mjini, akamletea kazi ngeni: kofia za kufunika kichwa, uso na shingo, zikiacha macho tu. Zingevaliwa kwenye kiwanda cha dawa za macho, katika chumba ambamo unywele mmoja ukidondoka, dawa yote inamwagwa. Sampuli kumi na mbili zikipita, kazi ni ya mwaka mzima, na Wahu angehamia chumba chenye mlango wake.

"Mistari ya mshono utaichora kwa kalamu hii," Sharif alisema. "Wino wake unatoka kwa maji. Nitakukata kidogo kwenye malipo."

"Unikate? Sharif, hata kinyozi huuliza kwanza! Chaki ninayo."

"Wahu, chaki ni vumbi."

"Na mimi nina brashi. Rudisha kalamu yako, bei ibaki ilivyo."

Sharif akacheka, akaitia kalamu mfukoni. Wahu alilala mshindi.

Wiki mbili baadaye waliitwa kiwandani. Kaloki, mkaguzi, alipasua mshono mmoja kwa wembe, akaukung'uta juu ya kitambaa cheusi. Ukadondoka unga mweupe.

"Tumezifua mara mbili, mama. Chaki hii imekwama ndani ya mkunjo. Mtu akigeuza shingo, inatoka."

Wahu aliinama kuutazama mshono. Brashi ilipita juu tu. Mstari wenyewe aliukunja ndani akaushonea huko, kama alivyofanya kwa sare zote za maisha yake. Mshono wa sare hakuna aliyewahi kuufungua.

"Nishone upya. Bure."

"Fundi mwingine ameshapita," Kaloki alisema, akimsukumia kumi na moja zilizobaki.

Sharif hakumcheka. Afadhali angemcheka.

Hakulia, kilio hakina mnunuzi. Jumamosi alimpelekea kofia Mwololo, mwenye kinu cha kusaga unga jirani pale.

"Zina chaki kidogo," alimwambia.

"Kwangu hapa? Nani ataiona!" Mwololo alijipangusa nyusi nyeupe kwa unga, akataja bei ya kutupa.

Wahu akapokea bei hiyo ya kwanza. Mvua ilikuwa imeanza. Akarudi mbio kuvuta cherehani ndani.