Uyoga Niliouchemsha

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni. Siku moja alikuja nyumbani Chemchem na uyoga kutoka porini. Mwalimu wao alitaka kila mwanafunzi achunguze aina moja ya uyoga, mpaka vinasaba. Aliuacha mezani ndani ya mfuko wa karatasi, akaenda sokoni.

Niliuchemsha kwa chumvi, nikauanika kwenye ungo. Wazazi walipokufa niliacha shule nikawalea wadogo zangu, na uyoga wote ulioingia nyumba hii nimeufanya hivyo, kama alivyofanya mama.

“Dada, umeupika?” aliuliza aliporudi.

“Nimeuchemsha tu, usioze.”

“Vinasaba vimeharibika! Sasa nimpelekee mwalimu mboga?”

Sikusikia aibu wala hasira. Nilivaa viatu, tukaenda naye porini. Mvua zilikuwa zimekatika, tukazunguka hadi mchana. Mwishowe niliuona mmoja chini ya mti, umeanza kusinyaa.

“Ndio wenyewe?”

“Ndio wenyewe.”

Aliufunga kwenye karatasi. Njiani nilinyoosha mkono nimpokee uyoga. Akauhamishia mkono wa pili, tukaendelea kutembea.