Simba Anayechechemea

Skuli yetu ya wasichana pale Jang'ombe ilipopata vitabu vipya vya hadithi, mwalimu wetu hakutaka tuvisome kwa kuimba kama kasuku. Kila Alhamisi alitutoa uwanjani, akasoma ukurasa mmoja, kisha akapiga debe, nasi tukaucheza ukurasa ule. Hadithi niliyoipenda mimi ilikuwa ya simba aliyeamuru wanyama wote watembee kama yeye.

Homa ya utotoni iliniachia mguu wa kushoto mwembamba, usio na nguvu. Nilichechemea, na mtaani waliniita hivyo hivyo, Chechemea. Siku ya kugawana wanyama, mwalimu alinitazama kwa huruma.

“Wewe utakuwa kobe, mwanangu. Kobe hana haraka.”

“Sitaki kobe, Mwalimu. Nnataka simba.”

Wenzangu wakacheka. Mwalimu hakucheka. “Simba ana maringo yake,” akasema. “Na wote watamfuata, kila anavyokwenda ndivyo watakavyokwenda.”

“Basi wanifuate. Si ndivyo kitabu kinavyosema?”

Akafungua kitabu, akakisoma kimya kimya, nadhani akitafuta palipoandikwa simba anatembeaje. Hapakuandikwa kitu. “Haya,” akasema, “simba ni wewe.”

Vitabu vikafanyiwa sherehe. Kina mama, na mama yangu kati yao, wakaja na mabuibui yao, wakakaa kwenye mikeka. Mwalimu mkuu akakaa kitini. Debe likalia. Nikatoka mbele na manyoya yangu ya makumbi ya nazi shingoni, nikachechemea kuuzunguka uwanja, na nyuma yangu twiga, punda na fisi, darasa zima, wakachechemea vile vile, bega la kushoto likishuka kila hatua.

Mikekani shangazi yangu akasimama.

“Nyamazisheni hilo debe! Mnamdhihaki mtoto wa watu! Kabla hujafa hujaumbika, nyinyi!”

Debe likanyamaza. Wenzangu wakaganda. Punda, aliyekuwa jirani yangu, akaanza kulia. Mwalimu mkuu alikwisha inuka kitini, na nikajua akifika kati ya uwanja, mambo yamekwisha. Moto ukanipanda, na sikumkasirikia aliyeniita Chechemea, nilimkasirikia aliyekuwa akinitetea.

“Shangazi, kaa kitako,” nikasema kwa sauti ya kuwafikia wote. “Hawanidhihaki. Mimi ndiye simba, na mimi ndiye niliyewaamuru.”

Mtoto hakumwambia mkubwa maneno hayo, si kwetu, si zama zile. Lakini sikuungoja uamuzi wa mtu. Nikatia mguu wangu mbaya mbele, bila debe, nikaanza upya. Punda akajifuta machozi, akanifuata. Kisha twiga. Mwalimu akalishika debe lake akalipiga kwa nguvu kuliko mwanzo, na mwalimu mkuu akabaki amesimama, hajui akae au aje.

Tukaicheza hadithi mpaka mwisho. Baadhi ya kina mama walipiga vigelegele, wengine waliinamisha nyuso. Shangazi aliondoka kabla hatujamaliza, na ilipita mfungo mzima wa Ramadhani hajakanyaga kwetu.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mwanamke mmoja alimshika mama mkono. “Pole, bibi, kwa aibu ya leo.”

“Pole ya nini?” mama akajibu. “Umeona wangapi waliomfuata mwanangu?”

Akanivuta karibu, tukaenda zetu polepole, katikati ya njia.