Tumbo la Kwera Halidanganyi

Kiden wa Dranya hana subira na mtu anayejua mambo kwa karatasi tu. Mimi jirani yake nimekaripiwa mara ngapi kwa kupanda mtama kabla ya wakati! Amefukuza ndege shambani tangu utotoni, kwa hiyo Jude, mwanafunzi wa chuo kutoka Arua, alipotafuta mtu wa kumnasia kwera kwa wavu, kijiji kizima kilimtaja yeye.

Jude alitaka kujua kama ndege anayelalia mayai hupungukiwa kinga ya mwili. Alimchoma kila kwera jike dawa kidogo kwenye ngozi ya bawa, akapima baada ya saa chache. Ngozi ikivimba, kinga inapigana, isipovimba, imelegea. Kisha akawagawa kwa kalenda: wa miezi ya mvua wana mayai, wa kiangazi hawana. Matokeo yakawa vurugu tupu. Basi akasema Kiden anawaumiza ndege wavuni, na Jumatatu angeleta mtu mwingine.

Kupoteza kazi kulimuuma Kiden, lakini kuchafuliwa jina kulimuuma zaidi.

"Wewe nafuata kalenda," alimwambia. "Mwaka hii mvua ilichelewa. Ndege hapana soma kalenda, mwanangu. Yeye naangalia majani na wadudu."

"Sasa Mama, mimi nitajua namna gani nani iko na mayai?"

Kiden akamshika kwera mmoja, akapuliza manyoya ya tumbo. Ngozi ilikuwa wazi, nyekundu, ya moto. "Hii nalalia mayai. Ya namna hii yote mimi nafunga uzi kwa mguu, tuachilie wao kwanza, mayai isipoe."

Uzi huo Jude aliudhani pambo! Mdharau mwiba mguu huota tende.

Bahati nzuri alikuwa na picha ya kila ndege kwenye simu. Alikaa siku mbili akiwapanga upya, wenye uzi huku, wasio nao kule. Wenye uzi, karibu wote, bawa halikuvimba. Nguvu zao zilikuwa zimekwenda kwa mayai. Wenzao walivimba vizuri.

Kwenye mkutano wa watafiti mjini Arua, ambako mimi na Kiden tulialikwa, Jude alisimama mbele ya maprofesa. "Niliyekosea ni mimi," alisema. "Mama Kiden hakukosea hata ndege mmoja."

Kiden hakungoja mtu. Alijipigia kigelegele mwenyewe, kirefu, na ukumbi mzima ukamwitikia.