Gesi Safi na Maji ya Mfongo

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri wa kuelezwa maji ni nini. Nilielezwa baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Kirua Vunjo, na kijana mtaalamu aliyepanda kutoka mjini na magari mawili ya dizeli, kuja kutuokoa na moshi.

“Shikamoo wazee wangu,” alianza. Tukaitikia. Akasema ukipitisha umeme kwenye maji unapata gesi ya hidrojeni, na ukiichoma haitoi moshi, ni mvuke tu. Barafu ya mlima wetu, inayoyeyuka kwa joto, ingepona. Kwetu alihitaji kitu kidogo: sisi wazee wa mfongo, yaani mfereji unaonywesha vihamba vyote, mashamba yetu ya nyumbani, turuhusu bomba lake lichote maji kule juu kabla hayajafika kwa migomba na ng'ombe wetu.

Akatuonyesha. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo wenzake wakawasha jenereta. Moshi mweusi ukaingia kanisani. Kwaya ikakohoa kwa sauti zote nne. Hatimaye likawaka jiko dogo, lenye mwali usioonekana vizuri mchana. Tuliombwa kuamini. Kuamini tumezoea.

“Mwanangu,” mke wangu akauliza akijifuta macho, “huu moshi ni wa nani?”

“Huo ni wa jenereta, mama. Gesi yenyewe ni safi.”

“Basi na mimi maharage yangu ni safi. Moshi ni wa kuni.”

Wanawake wakacheka sana. Kijana, ambaye kwa kweli ana adabu, akakiri kwamba gesi ikitengenezwa kwa mafuta, hewa huchafuka vilevile, na hata ikivuja tu huongeza joto la dunia. “Lakini baadaye tutaweka umeme wa jua.”

Dizeli kwanza, toba baadaye. Mahubiri hayo nimeyasikia miaka mingi, kwa walevi.

Sikubishana naye. Nilimweleza sheria ya mababu: anayetaka maji ya mfongo huja na jembe siku ya kuuzibua, asiyekuja hapati. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Akaahidi kuja, akaacha bomba lake nyuma ya kanisa.

Jumamosi tulisali, tukaingia kwenye tope. Simu ikalia.

“Samahani sana, mzee wangu. Tuko hotelini, kwenye mkutano wa tabianchi. Mnaweza kuendelea bila sisi?”

“Tunaweza, mwanangu.”

Tukaendelea bila wao. Jioni maji yalifika kihambani kwangu, yote. Bomba bado liko nyuma ya kanisa, na kwaya huanika majoho juu yake.