Gari la Mzee Kombo Halikulala Gereji

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya dizeli, pale karibu na Makadara, sikushika hata spana moja. Nilikuwa nimetoka karakana ya reli, mtu mzima mwenye mke, nikijiona fundi aliyekamilika. Fundi Mkuu akanionyesha gari lililokuwa uani tangu jana yake, akanambia nichutame nyuma nitazame bomba la moshi. Nilikasirika. Nani huajiriwa kutazama moshi?

"Mbona wakunja uso?" akaniuliza. "Dizeli haina cheche kama petroli. Yawaka kwa hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ndipo isemapo kweli. Ikisha kupata moto yakudanganya."

Akapiga stata, nami nikajifunza. Ukiona moshi mweupe tele na injini haishiki, mafuta yanafika ila hayawaki: tazama plagi za hita, zile zinazopasha joto kabla ya kuwasha, au pima nguvu ya injini ya kubana hewa. Usipoona moshi kabisa, mafuta hayafiki. Huenda mpira una ufa, hewa imeingia, na mafuta yamerudi tangini gari likiwa limesimama. Kwa hiyo desturi ya gereji ile ilikuwa moja: gari linalogoma asubuhi lazima lilale kwetu, hata mwenyewe alie machozi, na stata ya kwanza aipige fundi.

Miaka kadhaa baadaye Fundi Mkuu alipoacha kazi, mwenye gereji alinipa mimi usimamizi. Kichwa kikanivimba.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini alipokuja Mzee Kombo, dereva wa teksi aliyengoja abiria wa mabasi ya bara pale Mwembe Tayari. Gari lake la dizeli lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililowasomesha wanawe. Kila asubuhi lilimtesa kabla ya kuwaka.

"Fundi, nakuomba, usililaze," akasema. "Mabasi yaingia alfajiri. Nikiyakosa, nyumbani hatuli."

Nilimwonea huruma, na kusema kweli uani palikuwa pamejaa. Alikuwa amelileta adhuhuri, injini moto. Nikabadilisha plagi za hita, likawaka mara moja. Lingekosaje kuwaka, na moto ule? Kesho yake akarudi, shida ni ile ile. Nikatia betri mpya. Akarudi tena, na safari hii wenzangu waliacha kazi wakanitazama. Nikaona haya. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Mzee, injini imekwisha. Haina nguvu ya kubana tena. Liuze kabla halijakufia njiani."

Sikuwa nimepima. Kipimo kilikuwa kabatini, hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama.

Mzee Kombo aliweka kiganja juu ya boneti. "Wewe ndiye ujuaye, fundi," akasema. Akaliuza kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kule Kibarani.

Wiki chache baadaye mnunuzi huyo akaja kwetu kutafuta chujio, analiendesha gari lile lile. Nikamuuliza ametia injini gani.

"Injini ipi?" Akacheka. "Mpira wa mafuta ulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Nimetia mwingine. Asubuhi lawaka hata mlango sijafunga."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau mtu huungama. Nikaenda Mwembe Tayari kumwambia. Nilimkuta Mzee Kombo amekuwa bawabu wa hoteli, amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Kabla sijafungua kinywa akanishika mkono, akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye fundi. Wengine wangenila mpaka mfupani. Huyu alinambia kweli: uza." Akaniagizia chai. Niliinywa, nikaaga, nikaenda zangu. Tangu hapo akawa ananiletea wateja, na jina langu likakua mjini kwa kinywa chake.

Nyinyi vijana mna vyombo vya kuisoma injini kama kitabu, na mimi sivionei wivu. Havitawasaidia siku mtakayotakiwa kusema "sijui" mbele za watu. Ni neno dogo, nami lilinishinda. Najuta, na majuto haya sijayazoea hata leo.

Nilipostaafu, wenzangu walipika pilau palepale uani. Wakamwalika Mzee Kombo, kwa kuwa ndiye mteja aliyenisifu kuliko wote, wakamwomba atuombee dua. Alisimama kwa shida, akainua mikono.

"Ewe Mola," akasema, "mlipe mja wako huyu sawasawa na alivyonitendea."

Ua mzima ukaitikia amin. Mimi nilikuwa nimeinua mikono, na neno hilo nalo likanishinda.