Kijito cha Kasigau Hakifiki kwa Watu

Sogea karibu nikueleze jinsi mtu wa milimani anavyoweza kupotezwa na maji.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mgeni Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Kwetu ni Ronge, kwenye milima iliyo ng'ambo ya nyika, ambako sikuwahi kula peke yangu. Rukanga nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, na Jumamosi zilikuwa ndefu. Njiani kila mtu aliniuliza naenda kwa nani. Sikuwa na wa kumwendea. Nikaanza kupanda mlima nje ya njia.

"Mwalimu, njia si hiyo hapo?" mama mwenye nyumba alinitania. "Au waogopa kukutana na mchumba?"

"Mchumba yuko wapi, mama?"

"Basi kamtafute kwa pimbi huko maweni!"

Ukiacha njia, miguu huuliza kila jiwe kama limekaa imara. Mkono hujifunza mti wa kushika na mti wa miiba. Usiwe na haraka, mlima utauzoea. Kwa muda huo upweke hukosa nafasi.

Jumamosi moja mama alikwenda Voi kwa binti yake, alale huko. Nilipanda, nikisimama kila mara na kugeuka nitafute milima ya kwetu, ng'ambo ya nyika. Mara ya mwisho niliiona katikati ya majabali mawili yaliyoegemeana. Kisha nikaingia msituni, na ukungu ukashuka.

Niliposikia kijito nilifurahi. Kwetu mtoto hufundishwa kwamba akipotea afuate maji: yatamfikisha kwenye mfereji, na mfereji utamfikisha shambani kwa mtu. Nikayafuata, nikishuka kwa makalio juu ya mawe yenye utelezi. Ghafla sauti ya maji ikawa chini sana. Kijito kilikuwa kimefika ukingoni mwa mwamba, kikaanguka. Hatua moja zaidi nami ningekifuata.

Niliita. Hakuna aliyeitika. Nikafikiri: nani angejua leo kwamba sijarudi?

Nilitambaa nikapanda tena nilikotoka, ingawa moyo wote ulitaka kushuka, hadi miti ilipopungua. Nikakaa. Ukungu ulipopasuka kidogo, niliona majabali mawili yameegemeana, na katikati yake milima ya kwetu. Nilikuwa nimepatazama pale kwa hamu ya nyumbani tu, lakini macho yalikuwa yamepashika. Kutoka hapo nilijua pa kushukia.

Nyumba ilikuwa imefungwa. Nilifungua, nikawasha jiko, nikapika ugali wa mtu mmoja. Hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi, na siku hiyo nilitamani sana kuulizwa.

Mlima upande, rafiki yangu, hata nje ya njia. Ila kabla ya kutoka mwambie mtu unakoelekea, na kila unapobadili mwelekeo, simama, geuka, utazame ulikotoka.